Mbegu Bora kwa Faida ya Nani?

Mbwa aina ya bulldog hapumui vizuri, na hakuumwa wala hakupata ajali. Alitengenezwa hivyo. Kizazi baada ya kizazi watu walichagua dume mwenye uso bapa na jike mwenye uso bapa zaidi, wakawapandisha, mpaka pua ikazama usoni huku nyama za koo zikibaki zilezile, zimesongamana ndani ya fuvu lisilo na nafasi. Kichwa kikawa kikubwa, nyonga zikawa finyu. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta kwamba zaidi ya mara 80 katika kila uzazi 100, bulldog huzalishwa kwa kisu. Mnyama asiyeweza kuzaa bila daktari! Na mwenye mbwa humsikia akikoroma, akasema anapendeza.

Nasema bila kumung'unya maneno: huu ni ukatili. Mbwa hujipoza kwa kuhema, na huyu kaporwa njia ya kuhemea, kisha analetwa kuuzwa Dar es Salaam, kwenye joto na unyevu wa pwani. Kuna na yule mdogo wa masikio marefu, Cavalier King Charles; wengi wao wana fuvu dogo mno kwa ubongo uliomo. Mahakama ya Juu ya Norwe iliamua mwaka 2023 kwamba kuendelea kumzalisha ni kuvunja sheria ya wanyama. Sisi tunangoja nini?

Utaniambia ni mbwa tu, ndugu msomaji. Lakini waliokuwa wakichagua madume na majike hawakuishia kwenye mabanda. Chama cha wazalishaji wa mifugo na mimea cha Marekani kilianzishwa mwaka 1903. Kufikia 1906 kilikuwa na kamati ya kushughulikia ubora wa mbegu za binadamu. Mwaka 1920, kwenye maonyesho ya kilimo ya Kansas, baba, mama na watoto walipangwa mbele ya waamuzi, wakapimwa na kupewa alama, kwenye uwanja uleule ambamo ng'ombe na nguruwe walikuwa wakishindanishwa. Familia bora zilipewa medali.

Na familia zisizo bora? Muulize Carrie Buck wa Virginia. Alikuwa binti maskini, aliyepata mimba baada ya kubakwa na jamaa wa nyumba iliyomlea. Wakamwita punguani, wakamfungia kwenye taasisi, na mwaka 1927 majaji 8 kati ya 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani wakaidhinisha afungwe kizazi, ili ukoo wake ukome. Mtoto wake, waliyesema kwamba naye ana kasoro, alikwenda shule, akaingia kwenye orodha ya wanafunzi waliofanya vizuri, kabla ya kufa akiwa na miaka 8. Zaidi ya Wamarekani 60,000 walifungwa kizazi kwa sheria za namna hiyo. Ujerumani ya Hitler ilitunga yake mwaka 1933, ikawafunga kizazi watu wapatao 400,000, kisha ikaanza kuua.

Nairobi nayo ilikuwamo. Mwaka huohuo wa 1933 walowezi waliunda chama chao cha kuboresha mbegu ya binadamu. Daktari H. L. Gordon, aliyesimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, alidai kwamba Mwafrika ana upungufu wa ubongo wa kuzaliwa nao, na mwenzake F. W. Vint alichunguza ubongo wa maiti za Waafrika kuthibitisha hayo. Kwa hoja hizo walitilia shaka hata kutusomesha. Waliopimwa vichwa ni babu zetu.

Sipingi kila uchaguzi. Vijana wawili wanaopima selimundu kabla ya ndoa, kwa kuwa wote wawili wakiwa na chembe ya urithi ya selimundu kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuupata ugonjwa, wanamfikiria mtoto na maumivu ya mifupa yake. Naunga mkono kwa mikono miwili. Lakini pua ya bulldog ilibanwa kwa faida ya nani? Kizazi cha Carrie Buck kilifungwa kwa faida ya nani? Ya mtazamaji, mwenye fedha na mwenye rungu. Gharama kaibeba asiyeulizwa.

Leo zipo kampuni za Marekani zinazowauzia wazazi makadirio ya akili ya viinitete ili wachague kipi kipandikizwe na kipi kiachwe. Ni waamuzi walewale wa Kansas, wamehamia maabara. Kliniki za kupandikiza mimba tunazo Nairobi na Dar es Salaam, na biashara hii haitachelewa kubisha hodi. Mabunge yetu yatunge sheria sasa: kipimo cha ugonjwa utakaomtesa mtoto, ruhusa; kuchagua kwa akili, urefu au rangi ya ngozi, marufuku, na daktari atakayekiuka anyang'anywe leseni.