Mafuta ya Lavenda na Hewa ya Kichupani

Katika mafuta ya manukato yanayouzwa siku hizi madukani kwa sifa ya dawa, sidhani yako yaliyosifiwa kuliko ya lavenda, ua la zambarau lililotia fora katika nyanda za Provence, kusini ya Ufaransa. Wala yako yaliyosifiwa kwa hoja dhaifu kama hayo. Hoja ipendwayo ni kisa cha René-Maurice Gattefossé, mkemia wa Lyon, ambaye yasemekana aliungua mkono, akautumbukiza kwa bahati katika chombo cha lavenda kilichokuwa karibu naye, ukapona pasi na kovu. Kisa kitamu hicho, walakini mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1937 hakusimulia hivyo: mwaka 1910 maabara yake iliripuka, akatoka akigaagaa majanini ili auzime moto uliomshika, na ni baadaye, mikono ilipoingia donda la kuoza, ndipo alipoiosha kwa lavenda, akijua alitendalo, akaona uozo umesita.

Siyadharau mafuta hayo. Harufu yake huburudisha, na katika maabara yameonekana kuua baadhi ya vijidudu. Illa ngozi ya mwanadamu si kisahani cha maabara, na linaloli, ambayo pamoja na asetati ya linalili ndiyo sehemu kubwa ya mafuta hayo, ina tabia ambayo wauzaji aghalabu huinyamazia: ikiwa mpya haina madhara makubwa, lakini ikikutana na hewa hugeuka taratibu kuwa kitu kiwezacho kuiamsha ngozi kwa uhasama, yaani kuitia mzio. Wataalamu wa Gothenburg, Uswidi, walibainisha mwaka 2008 kwamba mafuta ya lavenda hayana kinga ya asili ya kuyazuia yasigeuke hivyo. Basi kile kichupa kilichobaki nusu, kizibo kimelegea, kimekaa dirishani miezi na miezi, si mafuta yale yale yaliyonunuliwa.

Na mzio huo ukishaingia, hauishi kwa kukitupa kichupa. Linaloli imo katika sabuni na manukato chungu nzima, hata mtu akajikuna mwaka mzima bila kujua kimwashacho. Na katika ngozi zetu nyeusi vipele vikipona huacha madoa yakaayo muda mrefu.

Atakaye kuyatumia na ayachanganye, matone sita kwa mililita 30 za mafuta ya nazi, ajaribu kwanza kidogo mkononi, na akiona wekundu au mwasho, aache. Lakini mzigo wote usitwikwe mnunuzi. Muuzaji wa dawa ya homa hathubutu kuiweka rafuni bila tarehe ya kutengenezwa na ya kwisha. Huyu auzaye mafuta ya kutibu ngozi, tena kwa bei ya juu, ana udhuru gani wa kutoandika siku yalipokenekwa?