WIMBO NI WETU, MIZANI NI YAO

Wakulima wa pamba wa Usukuma wanaijua habari ya mizani. Mkulima alilima, akapalilia, akavuna. Mnunuzi akapima kwa mizani yake na kusoma uzito aliopenda. Wakulima hawakukaa kulia. Walijiunga katika ushirika, na mwaka 1955 vyama vyao vikawa shirikisho moja chini ya Bwana Paul Bomani.

Leo mizani ile imerudi kwa sura nyingine. Twasema juu ya video fupi za mtandaoni. Wimbo ni wa nani? Nani alipwe? Video ya nani ifutwe? Mwenye jasho haulizwi.

Tarehe 31 Januari 2024 mkataba wa nyimbo baina ya kampuni ya Universal na TikTok ulikwisha. Huyu alilia kuwa malipo ni haba. Yule akajibu kuwa mwenzake ana tamaa. Nyimbo zikaondolewa, video za watu zikawa bubu. Mwezi wa Mei mabwana wakapatana, na bei hawakuitangaza. Kila mmoja alidai anamtetea msanii! Je, mtunzi mdogo alipewa kiti katika baraza lile?

Tazameni pia YouTube. Tangu mwaka 2007 wana mashine ya kutambua nyimbo, iitwayo Content ID. Wenye hazina kubwa ya nyimbo wamepewa ufunguo wake. Mtunzi mdogo huambiwa ajaze fomu. Ukipinga dai, wa kwanza kulipima pingamizi lako ni yule yule aliyekudai. Kesi ya ngedere, hakimu nyani!

Wako wasemao: acheni vijana wacheze, hakimiliki ni kamba ya shingo. Sisi hatumwiti mwizi kijana anayecheza. Naye ni mtoa jasho, maana video yake huleta watazamaji, na watazamaji huleta fedha za matangazo. Lakini fedha hizo zaingia mfuko gani? Wanaowagombanisha mwimbaji na mchezaji ndio wanaokula vya wote wawili.

Mwaka 2019 Umoja wa Ulaya ulitunga sheria ya kuyabana makampuni haya yatafute ruhusa ya wenye nyimbo. Hawakwenda nchi moja moja. Na sisi je? Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ni ya mwaka 1999, kabla video hizi hazijakuwapo. Viraka vyake havitoshi, wala nchi moja pekee haitatishia tajiri.

Twataka mambo matatu. Nchi za Afrika Mashariki zijadiliane na makampuni kwa sauti moja. Watunzi wawe na daftari lao la nyimbo, wanalolisimamia wenyewe. Na mashauri yasikilizwe na binadamu, kwa lugha yetu, na sababu zitolewe.

Hatuombi sadaka. Twadai mizani yetu. Watunzi, waimbaji, wachezaji: jiungeni!