Madirisha ya vioo viwili: tunatibu ugonjwa wa Ulaya jijini Nairobi

Samahani kwa ukimya, kazi zilinibana. Leo naacha kodi za kompyuta kidogo, maana nina hasira.

Fleti ninamoishi Nairobi ni ya mama yangu. Jengo lina kamati ya wamiliki, na wiki jana kamati ilitupa karatasi: madirisha yote ya chuma yang'olewe, yawekwe ya alumini yenye vioo viwili, na kila nyumba itoe shilingi 180,000. Sababu? "Kupunguza bili ya umeme."

Bili gani? Sisi hatuna kiyoyozi wala hita. Jirani yetu wa chini, mama mstaafu, ana friji, taa nne na redio. Dirisha litampunguzia nini?

Nilifundishwa chuoni kwamba usiboreshe programu kabla ya kupima inapochelewa. Donald Knuth alishaonya kuhusu hilo mwaka 1974. Basi nikapima.

Dirisha langu ni mita 1.5 kwa 1.2, yaani mita za mraba 1.8. Usiku wa Julai nje kuna nyuzi 12 hivi, ndani 20. Kioo kimoja hupitisha takriban wati 5.8 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti; vioo viwili vya kawaida, 2.8. Piga hesabu: wati 84 dhidi ya 40. Tunaokoa wati 44, chini ya balbu moja ya zamani. Berlin, ambako wanawasha hita miezi mingi, hiyo ni pesa. Hapa ni blanketi.

Shida yetu halisi ni jua la saa kumi jioni. Tuseme linapiga dirisha la magharibi kwa wati 600 kila mita ya mraba. Kioo kimoja kinaingiza ndani kama asilimia 80 ya joto hilo, vioo viwili visivyo na rangi kama 70. Ni wati 860 dhidi ya 760! Umelipa 180,000 na bado una pasi ndogo inawaka chumbani. (Ndiyo, kuna vioo vya kuzuia jua. Nimesoma karatasi ya kamati mara tatu, havimo.)

Nikaning'iniza mkeka nje ya dirisha, nikaweka kihisi cha joto ndani. Jumanne bila mkeka: nyuzi 31. Jumatano na mkeka, jua lile lile: 27. Siku mbili si utafiti, najua, lakini mkeka ulikuwa wa shilingi 600. Na lazima uwe nje. Pazia la ndani linazuia jua likiwa limeshaingia. Wazee wa Mombasa waliweka madirisha ya vibao vya mbao bila kuuliza muuza alumini.

Walio upande wa barabara wana hoja moja ya kweli: kelele. Basi waseme kelele, na walipie vyumba vyao.

Lakini kinachonikasirisha zaidi ni matundu ya hewa juu ya madirisha yetu. Mapya hayana, yanaziba kabisa. Kila Julai kuna watu jengoni wanaoingiza jiko la makaa chumbani kuota moto. Hata sasa ni hatari, sasa ziba na matundu! Kaboni monoksaidi haina harufu, inakuua usingizini. Nilipouliza, mwenyekiti aliniambia, "Kijana, wewe shughulika na kompyuta zako."

Sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa fleti inafanya kila mwenye nyumba awe mwanachama wa shirika la jengo, si kamati peke yake. Kwa hiyo Jumamosi napeleka pendekezo langu: fundi abadilishe puti iliyooza, apake rangi chuma kilichoshika kutu, aweke vivuli vya nje upande wa magharibi, na matundu yabaki. Mama ameshaniandikia barua nimpigie kura. Yule mama wa chini ameniomba nimwandikie na yeye ya kwake.