Ndege za Kivita Kuruka Chini: Uzito wa Ramani na Wajibu wa Rubani

Ndege ya mashambulizi inayokwenda kwa kasi ya maili za baharini 420 kwa saa hupita takriban mita 216 kila sekunde. Katika mwinuko wa futi 250, sawa na mita 76, ambao ndio ukomo wa kawaida wa ndege hizo nchini Uingereza, nafasi ya kurekebisha kosa ni finyu mno. Kwa sababu hiyo, mwanafunzi wa urubani hufundishwa kuchora njia yake kwenye ramani na kuigawa kwa dakika kabla ya kuondoka. Akiwa angani, hutazama kwanza saa, kisha ramani, na mwisho ardhi. Anayeanza na ardhi hukiona haraka kilima anachokitafuta, hata kama sicho.

Mafunzo hayo yana msingi wa kijeshi, kwani milima huikinga ndege dhidi ya rada. Hata hivyo, katika Vita vya Ghuba vya mwaka 1991, ndege za Uingereza aina ya Tornado zilizoanza kwa kushambulia viwanja vya Iraq zikiwa chini zilihamishiwa mwinuko wa kati baada ya kadhaa kupotea.

Gharama kwa raia ilidhihirika Februari 3, 1998, karibu na Cavalese, kaskazini mwa Italia. Ndege ya Marekani aina ya Prowler, iliyokuwa katika mafunzo, ilikata kebo ya gari la kubebea watalii mlimani, na watu 20 wakapoteza maisha. Mwaka 1999 mahakama ya kijeshi ilimwachia huru rubani katika mashtaka ya kuua bila kukusudia. Utetezi ulieleza kuwa ramani yake haikuonyesha kebo hiyo. Hoja hiyo ni nzito, lakini haigusi suala la mwinuko: ukomo uliowekwa ulikuwa futi 2,000, ilhali kebo ilikatwa ikiwa mita zipatazo 110 tu kutoka ardhini.

Uingereza ina maeneo matatu, likiwemo la katikati ya Wales, ambako ndege huruhusiwa kushuka hadi futi 100, na Wizara ya Ulinzi hutangaza ratiba mapema. Tangazo hilo humsaidia mfugaji kupanga siku yake. Halimsaidii rubani kuuona mnara mpya ambao mjenzi wake hajautolea taarifa, nao haumo kwenye ramani.