Huyu Naye ni Mwalimu, Chama Kiko Wapi?

Desemba iliyopita nilipanda basi la usiku kutoka Nairobi kwenda Kakamega kumjulia hali dada yangu. Wale wenzangu wa magharibi wanaijua desturi yetu: mgeni hafiki bila kuku kukimbizwa uani. Alfajiri nilipoteremka mjini, aliyekuja kunipokea ni mpwa wangu, kifungua mimba wa dada. Mkononi alikuwa na kikapu, na kikapuni mlikuwa na nyanya na omena.

"Kulikoni, mwalimu?" nikamtania. "Shule zimefungwa, umeamua kupitisha wakati sokoni?"

Alicheka, lakini kile kicheko hakikufika machoni. "Mjomba, mimi si mwalimu tena tangu muhula wa kwanza. Walileta wengine."

Hatukuzungumza zaidi pale. Tulipanda matatu ya kuelekea Malava, tukafika nyumbani, tukala ugali wa wimbi na yule kuku, na mrenda pembeni. Baada ya vyombo kuondolewa ndipo dada yangu aliponiambia sababu hasa ya kuniita. Mpwa wangu anataka pasipoti. Kuna wakala aliyemwahidi kazi ya nyumbani Saudi Arabia, na nauli ya kwenda na kurudi kushughulikia karatasi imekosekana. Niliombwa mimi, mjomba, nisaidie.

Ewe mzazi unayesoma gazeti hili ukingoja chai, hebu fikiri. Huyu binti ana shahada ya ualimu. Ana namba ya usajili ya Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Somo lake ni Kiswahili na Historia. Ng'ombe wawili wa marehemu baba yake waliuzwa ili asome. Leo anaomba nauli ya kwenda kuosha vyombo vya watu ugenini.

Nilimwomba anieleze tangu mwanzo, naye akanieleza bila kulia.

Alipomaliza chuo mwaka 2016, aliajiriwa na bodi ya shule moja ya sekondari. Hawa ndio tunaowaita walimu wa BOM. Mshahara wao hautoki kwa TSC bali kwa shule yenyewe, yaani mara nyingi kwa karo na michango ya wazazi. Alikuwa akilipwa shilingi 9,000 kwa mwezi, mwezi ambao zilipatikana. Machi 2020 shule zilipofungwa nchini kote kwa sababu ya korona, wenzake walioajiriwa na tume waliendelea kupata mshahara. Yeye alirudi nyumbani kulima.

Shule zilipofunguliwa alirudi darasani. Siku moja tume ikatuma mwalimu wa Kiswahili. Shule nzima ilishangilia, kwani mwalimu wa tume hawagharimu wazazi kitu. Mpwa wangu naye alipiga makofi, kisha jioni mwalimu mkuu akamwita ofisini na kumshukuru kwa utumishi wake. Hakupewa barua. Hakuwahi kuwa nayo hata alipoingia.

Akahamia sekondari msingi, zile JSS zilizoanzishwa Januari 2023 katika majengo ya shule za msingi. Walimu walikuwa haba, bodi ikamchukua. Miaka miwili baadaye wakaletwa walimu wanagenzi, na akaondoka tena kwa mtindo uleule wa shukrani za mdomo. Ameomba nafasi za tume mara tatu. Jina halijatoka.

"Na chama je?" nikamuuliza.

Hapo ndipo alipokasirika kwa mara ya kwanza. Alisema alikwenda katika ofisi moja ya chama cha walimu kueleza shida yake. Aliyempokea hakuwa mkali, alimpa hata kiti. Alimwomba hati ya mshahara ili aone kama makato ya chama yanatoka. Hakuwa nayo. Akaambiwa kwa upole kwamba wao hushughulikia wanachama.

"Mjomba, nikiwa na hati hiyo nitakuwa nikitafuta nini pale?"

Swali hilo lilinikosesha usingizi. Ninalileta kwako, msomaji, kwa sababu nina hakika katika jamaa zako yumo mmoja kama huyu.

Tuanze kwa kuwa waadilifu. Vyama vya walimu havina ubaya wa kuzaliwa nao. Sheria ya Mahusiano ya Leba ya mwaka 2007 hukipa chama nguvu ya kujadiliana na mwajiri iwapo kimepata zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kuwa wanachama. Ada nazo hukatwa na mwajiri katika mshahara. Kwa walimu wa umma mwajiri huyo ni TSC. Asiyekuwa katika orodha ya mishahara ya tume hakatwi, na asiyekatwa haonekani. Katibu wa tawi akihesabu watu wake, mpwa wangu hayumo. Si chuki, ni hesabu.

Lakini hesabu hiyo imesahau historia. Chama cha Kitaifa cha Walimu, KNUT, kiliundwa Desemba 1957. Wakati huo mwalimu wa Kenya hakuwa na mwajiri mmoja. Huyu aliajiriwa na misheni, yule na serikali ya wilaya, na mishahara na masharti yalitofautiana. Msimamizi wa shule akikuchukia, ulifunga virago. Mojawapo ya mambo makuu ambayo chama kilipigania ni walimu wote wawe na mwajiri mmoja. Ndivyo TSC ilivyopatikana, kwa sheria ya mwaka 1967.

Sasa mtazame mwalimu wa bodi. Mwajiri wake ni kamati ya shule moja. Mshahara wake unategemea michango. Anaweza kuondolewa bila barua. Je, si huyuhuyu ndiye mwalimu wa 1957? Shida zilizokifanya chama kizaliwe ndizo anazoishi nazo leo, ila sasa akienda kwa chama anaulizwa hati ya mshahara. Kama wazee wetu wangaliulizwa swali hilo, chama kisingalikuwapo.

Sisi wa umri wangu hatukuyajua haya. Rafiki zangu waliotoka vyuo vya ualimu miaka ya themanini walipangiwa shule moja kwa moja. Kisha ukaja mgomo mkubwa wa Oktoba 1997, siku za marehemu Ambrose Adongo, na serikali ikakubali nyongeza kubwa ya mishahara. Tulishangilia. Mwaka uliofuata, 1998, serikali ikasitisha ule mtindo wa kumwajiri kila anayehitimu. Tangu hapo mlango ukawa mwembamba. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003 watoto walifurika madarasani, na katika shule nyingi pengo likazibwa na vijana wa kulipwa na wazazi. Waliokuwa ndani walibaki ndani na mishahara mizuri zaidi, waliokuwa nje wakazidi kuwa wengi.

Tena usidhani chama hakiwezi kumtetea aliye nje. Septemba 2011 KNUT iliitisha mgomo wa nchi nzima, na dai mojawapo lilikuwa kwamba walimu wapatao 18,000 waliokuwa kwa mkataba waajiriwe kwa kudumu. Wenye kazi waliweka chaki chini kwa ajili ya wasio na kazi ya uhakika. Serikali ikakubali. Hilo lilitendeka, si hadithi ya sungura na fisi.

Linganisha na yaliyowapata wanagenzi wa JSS. Walikuwa na shahada au diploma, wamesajiliwa, wanafundisha ratiba nzima kama wengine, na malipo yao yalikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Kufikia mwaka 2024 walikuwa karibu 46,000. KNUT ikadai kwamba ni wake kwa kuwa wanafundisha katika shule za msingi. KUPPET, chama cha walimu wa sekondari na vyuo, nacho kikasema ni wake kwa kuwa wamesomea ualimu wa sekondari. Wahenga walisema wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi.

Nyasi hizo zilijiinua zenyewe. Tarehe 17 Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Leba iliamua kwamba TSC haina mamlaka ya kumwajiri mwalimu aliyehitimu na kusajiliwa kama mwanagenzi. Aliyefungua kesi hiyo alikuwa ni shirika la kutetea utawala bora na haki za binadamu. Mwezi Mei vijana wakagoma, wakaandamana, wakaandikiwa barua za kujieleza. Wengi walilalamika kwamba wanapigana peke yao huku vyama vikitazama kwa mbali. Kwa haki, KUPPET ilipogoma mwishoni mwa Agosti mwaka huo, kuajiriwa kwa hao 46,000 lilikuwa mojawapo ya madai yake. Januari 2025 wakapewa kazi ya kudumu. Furaha kubwa! Lakini mwezi huohuo wanagenzi wengine wapatao 20,000 wakaingizwa kwa masharti ya namna ileile, na katika shule kama ile ya mpwa wangu mwalimu wa bodi akawapisha. Mnyonge alimsukuma mnyonge mwenzake, na hakuna aliyemwona wa mwisho alipoangukia.

Niliporudi Nairobi nilimsimulia mke wangu. Yeye ni mwalimu wa tume, na makato ya chama yametoka katika mshahara wake kwa zaidi ya miaka 20. Nilidhani atanionea huruma. Badala yake alinyamaza, akamimina chai, kisha akasema, "Katika shule yetu wako wanne wa bodi. Tunakula nao meza moja. Sijawahi kuuliza wanalipwa ngapi."

Halafu akaongeza neno ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya: "Unasema chama, chama. Chama ni mimi."

Naam. Ofisi ya tawi haiwezi kujali jambo ambalo wanachama wenyewe hawalitaji. Ewe mwalimu mwenye ajira ya kudumu, mkutano mkuu wa tawi lako ukiitishwa, usiende kwa ajili ya soda na nauli. Simama uulize mambo matatu. Je, tawi lina orodha ya walimu wa bodi na wanagenzi katika shule zetu? Je, wanaweza kujiandikisha kwa ada ndogo wanayolipa wenyewe, bila kungoja makato ya tume? Na mwalimu anapoletwa na tume, nani anahakikisha kwamba yule anayeondolewa amelipwa malimbikizo yake na kupewa barua? Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama. Hakikusema kila mwenye hati ya mshahara wa TSC.

Nawe mwalimu wa bodi, usikubali kufanya kazi kwa maneno ya mdomo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi, na ni mwajiri anayepaswa kuutayarisha. Sheria hiyohiyo haimruhusu mtu aliyefanya kazi mfululizo kwa miezi aendelee kuhesabiwa kibarua wa siku, wa kufukuzwa leo bila ilani. Weka nakala ya ratiba yako, tia sahihi kitabu cha mahudhurio, hifadhi ujumbe wa malipo ya simu. Siku ya kwenda kwa afisa wa leba, hivyo ndivyo vitakavyokusemea.

Na sisi wazazi tulio katika bodi za shule, tusijifanye wageni wa jambo hili. Ni sisi tunaopitisha kwamba mwalimu alipwe 9,000, kisha tunamtaka mtoto wetu apate alama za juu. Ni sisi tunaomwambia asante badala ya kumwandikia barua. Barua ya utumishi haigharimu shule zaidi ya karatasi moja, lakini kwa kijana anayetafuta kazi kwingine ni ushahidi kwamba miaka yake haikupotea.

Utaniuliza, nauli ya pasipoti niliitoa? Niliitoa. Sikuwa na haki ya kumzuia mtu mzima asitafute riziki kwa kuwa mimi naona haya. Lakini nilimwomba jambo moja: kabla ya kusafiri arudi katika zile shule mbili, aombe barua ya utumishi kutoka kila moja. Juma lililopita alinipigia simu. Moja imemwandikia. Ya pili imemwambia aje baada ya muhula kufunguliwa.

"Nitangoja hiyo ya pili, mjomba," alisema. "Huenda na tume wakatangaza nafasi kabla ya visa kutoka."

Mke wangu ameandika yale maswali matatu nyuma ya kalenda ya jikoni. Mkutano wa tawi lao ni mwezi ujao, na ameniahidi kwamba atasimama. Nikijaliwa, nitawaeleza alivyojibiwa.

Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.