Vijana wa Ngara si wavivu

Ndugu mwandishi, umedai kwamba vijana wa Ngara na Biharamulo hawaanzishi blogu wala chaneli za video kwa sababu ya uvivu. Sikubali hata kidogo. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za Tanzania za 2018 zilimtaka hata mwenye blogu alipe shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni, kisha 1,000,000 kila mwaka. Muuza ndizi wa Rusumo angezitoa wapi? Ada zilikuja kupunguzwa, ndiyo. Lakini nimemwona kijana mmoja huko Rulenge akipanda kilima, simu mkononi, kusaka mtandao. Bando likakata video ikiwa nusu. Bidii gani zaidi unaitaka? Wapunguzieni gharama kwanza, ndipo muwapime.