Na sisi wa Ikungi tunatembea

Makala yenu kuhusu njia za kutembea na familia ni nzuri, ila mwandishi kaishia Dar na Arusha. Huku Ikungi njia hizo hazina kibao wala vigae. Ni njia za ng'ombe na baiskeli katikati ya mashamba ya alizeti. Yakichanua, watoto hawaulizi simu (baba yao ndiye anayeuliza). Siku nyingine tunapanda basi hadi Singida mjini, tunatembea kandokando ya Ziwa Singidani na Kindai, tukipenya kati ya majabali ya granaiti. Maji yale ni ya chumvi, huota mwani wanaoufuata flamingo. Kinachokosekana ni kivuli. Ipandwe miti, na njia ya ukingoni ipimwe kabla viwanja havijaimeza.